APOL1: Mlinzi wa Damu, Mtihani wa Figo

Je, wajua kwamba damu yako huua vimelea vinavyoangamiza ng'ombe? Mbung'o humwambukiza ng'ombe kimelea kiitwacho Trypanosoma brucei brucei, akakonda hata akafa. Kimelea hichohicho kikiingia mwilini mwa mchungaji, hakimdhuru. Kinachokiua ni APOL1, protini ya plazma ambayo jeni yake iko kwenye kromosomu ya 22.

APOL1 husafiri katika damu pamoja na mafuta. Kimelea, kinachohitaji mafuta hayo, huimeza. Nayo hutoboa utando wa kifuko chake cha kumeng'enyea chakula, kikavimba na kufa. Timu ya Etienne Pays wa Brussels, Ubelgiji, iliieleza kazi hiyo mwaka 2003. Mwaka uliofuata, mkulima mmoja wa India aliugua tripanosoma ya mifugo. Alipochunguzwa, damu yake haikuwa na APOL1. Alitibiwa kwa suramini, akapona.

Vimelea vya malale, hata hivyo, vina mbinu ya kuikwepa. Kimojawapo, rhodesiense cha Afrika Mashariki, huikamata kwa protini yake ya SRA. Kingine, gambiense, kina njia nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliwatesa wakazi wa pwani ya Ziwa Tanganyika, hata watawala wa Kijerumani wakaweka kambi za wagonjwa kandokando ya ziwa.

Baadhi ya Waafrika wamerithi APOL1 iliyobadilika kidogo, aina za G1 na G2. G2 humkinga mtu dhidi ya rhodesiense. Mwenye G1 akiambukizwa gambiense, mara nyingi haonyeshi dalili. Lakini kinga hii ina gharama: mwaka 2010 iligundulika kwamba anayerithi nakala mbili za aina hizo, moja kutoka kwa kila mzazi, yuko hatarini zaidi kuharibikiwa na figo. Virusi vya Ukimwi huongeza hatari hiyo.

Wengi wenye nakala mbili hawaugui kamwe, kwa hiyo jeni hii si hukumu. Ni sababu ya kupima presha na protini kwenye mkojo mapema. Tayari dawa ya inaxaplin, inayoizuia APOL1, ilipunguza protini kwenye mkojo wa wagonjwa katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2023. Watu wenye asili ya Afrika ndio wenye urithi huu. Utafiti na dawa zake ziwafikie wao kwanza.