Mama Kaburini, Baba Mpimba: Watoto Wanaobaki Baada ya Mauaji ya Nyumbani Mjini Bujumbura

Makala haya yanamhusu mtoto ambaye mama yake ameuawa na baba yake. Hoja yake ni kwamba mtoto huyo hupoteza wazazi wawili kwa siku moja, ilhali taratibu zetu humhesabu kuwa amefiwa na mmoja tu.

Hata msamiati hautusaidii sana. Katika matumizi ya Kiislamu, ambayo Waswahili wa Buyenzi wanayafahamu vyema, yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Mtoto huyu baba yake yu hai, kizuizini katika gereza la Mpimba. Burundi ilifuta adhabu ya kifo mwaka 2009; kwa hiyo aliyehukumiwa ataendelea kuwa baba, na huenda siku moja akabisha hodi. Kwa kanuni ya jumla ya sheria ya familia, mzazi mmoja akifariki, mamlaka juu ya watoto hubaki kwa aliye hai, mahakama isipoamua vinginevyo. Sheria ya Septemba 22, 2016, kuhusu ukatili wa kijinsia, ilikuja kuzuia, kulinda na kuadhibu; lakini kesi ya mauaji humtazama mshtakiwa, na mtoto huitwa, kama ataitwa, ili aeleze alichokiona.

Ugumu mkubwa zaidi umo katika ardhi. Mirathi nchini Burundi bado huongozwa na mila, na mila huipitisha ardhi kwa wana wa kiume kupitia ukoo wa baba. Akipelekwa kwa bibi mzaa mama, mtoto hupata mahali pa kumlilia mama yake, lakini kwenye mlima ule yeye ni mgeni asiye na shamba. Akipelekwa kwa ndugu wa baba, fungu lake liko karibu, ila analelewa na watu wenye sababu ya kutaka anyamaze. Huko kifo cha mama chaweza kugeuzwa kuwa ajali, au kosa lake mwenyewe. Jean Harris-Hendriks, Dora Black na Tony Kaplan, walioandika kitabu kizima kuhusu watoto hawa mwaka 1993, waliliona suala la nani amlee kuwa sehemu ya tiba yenyewe. Kwetu huamuliwa matangani, na wazee waliochoka.

Italia, kwa sheria namba 4 ya mwaka 2018, iliwapa watoto hawa msaada wa kisheria na kuzuia mshtakiwa asirithi mali ya marehemu. Ni mfano mzuri, ila hautoshi pale ambapo hakuna wa kushtakiwa. Mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alipofariki Eldoret mnamo Septemba 2024 kwa majeraha ya moto, aliacha mabinti wawili. Aliyetuhumiwa kumchoma naye alifariki siku chache baadaye. Ulinzi wa mtoto, basi, usingoje hukumu.

Mjini Bujumbura hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Polisi anayeandika taarifa ya mauaji aandike pia majina, umri na shule za watoto walioachwa, na nyumba waliyolala usiku ule; nakala ipelekwe kwa hakimu anayeshughulikia mambo ya familia kabla ya matanga kuanuliwa.