A-unganifu katika jina "kinasi ya binadamu"

Kinasi ni kimeng'enya kinachohamisha fosfeti kutoka katika molekuli ya ATP na kuibandika juu ya kitu kingine, aghalabu protini, ambayo kwa kitendo hicho huamshwa au hutulizwa. (Neno "kimeng'enya" lenyewe halifai sana hapa: kumeng'enya ni kuvunjavunja, ilhali kinasi huongeza.) Edmond Fischer na Edwin Krebs walikichunguza kitendo hicho mjini Seattle katika miaka ya 1950, wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992.

Utata mkubwa zaidi umo katika a-unganifu. Msomaji aliyezoea "damu ya binadamu" akiona "kinasi ya binadamu" juu ya kichupa cha maabara, atadhani imetolewa mwilini mwa mtu. Sivyo. Kilichotoka kwa binadamu ni maagizo ya jeni tu. Jeni hiyo hupandikizwa katika bakteria au seli za wadudu, nazo ndizo ziundazo protini. Kuiita "bandia" nako ni kupotosha, kwani huweza kubandika fosfeti kama ile ya mwilini, na kwa sababu hiyo dawa za saratani hupimwa nayo. Afadhali isemwe "kinasi ya jeni ya binadamu, iliyoundwa katika bakteria", ijapokuwa ni ndefu.