Kasi Hutoka Juu: Fizikia ya Kuvuka Mapengo katika Portal

Ukifika chumba namba 10 cha gemu ya Portal, unakiona unachokitaka ng'ambo ya pili, na katikati kuna pengo ambalo mruko wa kawaida hauwezi kulivuka. Mchezaji aliyelelewa na gemu za kukimbia na kuruka hufanya alichozoea: anarudi nyuma, anakimbia, anabonyeza kitufe, anaanguka. Anajaribu tena, safari hii anabonyeza mapema kidogo. Kisha anachelewesha kidogo. Vidole vyake havina kosa lolote. Anachokosa ni kimo, na kimo hakipatikani kwa kukimbia.

Portal ilitolewa na kampuni ya Valve ya Marekani Oktoba 2007, ndani ya kifurushi cha michezo kilichoitwa The Orange Box. Asili yake ni kazi ya wanafunzi. Mwaka 2005 kikundi cha wanafunzi wa chuo cha DigiPen, mjini Redmond katika jimbo la Washington, kilitengeneza gemu ndogo iitwayo Narbacular Drop. Mhusika wake alikuwa binti mfalme aliyefungwa shimoni, asiye na magoti, kwa hiyo hawezi kuruka hata kidogo. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kufungua malango mawili yaliyounganishwa: akiingia hili, anatokea lile. Valve waliiona kazi hiyo, wakawaajiri vijana wale, na mmoja wao, Kim Swift, akaongoza utengenezaji wa Portal. Mhusika mpya, Chell, ana magoti na anaruka, lakini fikra ya binti mfalme haikubadilika. Anayetegemea kuruka katika gemu hii atachoka bure.

Silaha pekee ya Chell ni bunduki isiyoua. Inapiga lango la buluu na lango la rangi ya chungwa, na kila lango jipya linafuta la zamani la rangi yake. Kwa kompyuta, kupita langoni ni hesabu fupi. Mara makumi kadhaa kila sekunde programu inauliza: mwili huu umevuka bapa la lango? Ukiwa umevuka, unahamishwa upande wa pili, na mshale wa kasi yake unazungushwa kulingana na jinsi malango mawili yalivyoelekeana. Urefu wa mshale, yaani ukubwa wa kasi, hauguswi. Aliyeanguka kwenye lango la sakafuni kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde atatoka kwenye lango la ukutani kwa mita 14 kwa sekunde, sasa akiruka kwa mlalo kama kombora.

Swali basi ni moja tu: kasi hiyo ataipata wapi? Hapa ndipo fizikia ya sekondari inaporudi. Kitu kinachoanguka bila kizuizi hupata kasi inayolingana na kipeuo cha pili cha kimo kilichoangukiwa. Kwa mvutano wa dunia yetu, ukianguka mita 5 unafika chini ukiwa na karibu mita 10 kwa sekunde. Ukianguka mita 10, unafika na mita 14. Mita 20 zinakupa karibu mita 20 kwa sekunde. Tazama vizuri: kutoka mita 5 hadi 20 kimo kimeongezeka mara nne, kasi imeongezeka mara mbili tu. Gemu ina namba yake ya mvutano, lakini uhusiano ni uleule, na kutoka hapo yanazaliwa mambo mawili ya vitendo.

La kwanza, kuruka kabla ya kujitupa hakuna faida kubwa. Tuseme mruko wako unakuinua mita moja kabla ya kuanguka mita 10. Umeongeza kasi kwa asilimia 5 hivi. Mchezaji anayebonyeza kitufe cha kuruka kwa nguvu zote ukingoni anajiliwaza. La pili, ukiona hukufika ng'ambo, usirudie kitendo kilekile kwa bidii zaidi. Inua macho, utafute ukingo ulio juu zaidi wa kujitupia. Waliotengeneza vyumba hivi huwa wameuweka, na mara nyingi uko nyuma yako, mahali ambapo mtu anayekodolea macho mlango wa kutokea hawezi kupaona.

Kasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni muda wa kukaa hewani. Vijana wanaojirusha baharini kutoka ukuta wa Forodhani, Unguja, wanalijua jambo hili kwa miili yao: anayekuja mbio na anayejiachia tu pale ukingoni, wakiondoka pamoja, wanagusa maji pamoja. Mbio zinaamua utatua umbali gani, kimo cha ukuta kinaamua utatua baada ya muda gani, na kimoja hakiingilii kingine. Ndani ya Portal, lango la ukutani ndilo ukuta wako wa Forodhani. Ukianguka mita 10 na kutokea kwenye lango lililo mita 3 juu ya sakafu ya kutua, una robo tatu ya sekunde na ushei hewani, na utatua karibu mita 11 mbele. Lipandishe lango hadi mita 6 juu na utafika zaidi ya mita 15, bila kuongeza hata chembe ya kasi. Kwa hiyo ukipewa ukuta mrefu, piga lango la kutokea juu kabisa. Wengi hulipiga usawa wa macho, kwa mazoea tu.

Vyumba vingine vina vibao vilivyoinamishwa, na mtu akikiona kibao cha namna hiyo hapaswi kujiuliza mara mbili. Lango lililowekwa kwenye mwinamo wa nyuzi 45 linakurusha juu na mbele kwa pamoja. Ukitua usawa uleule ulikotokea, umbali wako unakuwa mara mbili ya kimo ulichoangukia: mita 10 za kuanguka, mita 20 za kuruka. Hakuna pembe inayokupeleka mbali zaidi ya hiyo ukitua usawa uleule. Jambo hilo wapiga mizinga walilijua karne nyingi kabla ya kompyuta.

Sasa jinsi ya kuanguka, maana hata kuanguka kuna ufundi wake. Mshale wako wa kasi unapozungushwa langoni unazungushwa mzima, pamoja na kasoro zake. Ukiingia lango la sakafuni huku bado unasonga mbele, kasi ile ya mbele haipotei. Itageuka kuwa kasi ya kwenda juu, chini au pembeni upande wa pili, kutegemea ulivyoelekea. Ndiyo sababu mtu anajirusha mara mbili kwa namna anayodhani ni ileile, mara moja anafika, mara ya pili anapiga ukuta. Dawa yake ni kuingia wima. Tembea taratibu hadi ukingoni, jiachie, tazama chini, ondoa kidole kwenye vitufe vya mwendo. Gemu yenyewe itakusaidia, kwa sababu imewekewa mvuto mdogo wa siri unaomsogeza anayeanguka kuelekea katikati ya lango. Ukiendelea kupapatika na vitufe, unashindana na msaada huo.

Halafu kuna mruko wa mara mbili, ambao kwa maoni yangu ndio mtihani halisi wa gemu hii. Unajitupa, unatokea ukutani, unapaa, na kabla hujatua unapiga lango jipya sakafuni chini yako ili uangukie humo. Sasa unatoka tena ukutani ukiwa na nishati ya anguko la kwanza pamoja na ile uliyoipata katika anguko la pili. Anayeshindwa hapa kwa kawaida ameshindwa na rangi, wala si na wepesi wa mikono. Akiwa hewani anapiga rangi isiyo sahihi, lango la kutokea linahama, na safari inaishia ukutani. Jiwekee desturi mapema: buluu ya kuingilia, chungwa ya kutokea, siku zote. Gemu haijali, lakini akili yako hewani haina nafasi ya kufanya uchaguzi.

Mtu mwenye jicho la fizikia atakuwa ameshaanza kukunja uso. Weka lango moja sakafuni na jingine darini juu yake, ujitupe: utaanguka, utatokea darini, utaanguka tena, bila mwisho. Chukua mtu wa kilo 60 na chumba chenye kimo cha mita 4. Kila mzunguko anapata nishati ya jouli 2,350 hivi, inayotosha kuwasha balbu ya wati 10 kwa karibu dakika 4, na hakuna aliyeilipia. Baada ya mizunguko mitatu anakwenda kilomita 55 kwa saa. Katika ulimwengu wetu, aliyeanguka mita 4 hawezi kurudi juu mita 4 bila misuli au injini kulipa deni hilo. Portal imeifuta sheria ya hifadhi ya nishati waziwazi. Ikaifuta na ya momenta, kwa sababu momenta ina mwelekeo: mtu aliyekuwa akienda chini akageuka kwenda pembeni lazima awe amesukuma kitu, na hapa hakuna kilichosukumwa. Miguu ya Chell nayo imefungwa springi zinazomwezesha kutua kutoka kimo chochote bila kuumia. Mita 14 kwa sekunde ni kama kilomita 50 kwa saa. Mtu wa kweli akifika sakafu ya zege kwa kasi hiyo, kinachofuata ni ambulensi.

Udanganyifu huo haunikeri hata kidogo. Gemu nyingi hupindisha fizikia ovyo: mhusika anageuka hewani, anaruka mara ya pili akiwa amekanyaga hewa tupu. Portal imevunja sheria chache kwa makusudi, na nyingine imezishika bila kulegeza. Mtu anayeimudu ni yule aliyezitenganisha. Haoni aibu kutumia nishati ya bure, lakini haombi kamwe kasi ambayo kimo hakikuitoa.

Mambo mengine yanasemeka kwa ufupi. Malango hushika kwenye kuta nyeupe za zege, hayashiki kwenye chuma cheusi. Chumba kikiwa kimejaa chuma na kipande kimoja cheupe mahali pa ajabu, kipande hicho ndicho dokezo. Lango ni dirisha pia, kwa hiyo piga moja mbali, jingine karibu, uchungulie kona usizozifikia kabla ya kuhatarisha maisha ya Chell. Na masanduku yanatii sheria zilezile za kuanguka. Kama wewe huwezi kufika kwenye kitufe, pengine sanduku linaweza kurushwa likafika.

Portal 2, iliyotoka Aprili 2011, iliongeza rangi za majimaji zinazopakwa sakafuni. Ya buluu inakudundisha, na ukiiangukia inakurudisha karibu kimo kilekile, jambo ambalo mpira wa kweli hauwezi, kwa kuwa kila mdundo hupoteza sehemu ya nishati kama joto na sauti. Ya chungwa inapunguza msuguano na kukuongezea mbio, na hapo kasi inaweza kupatikana bila kimo: ukimbie juu ya rangi, upande mwinamo, upae. Nyeupe inaugeuza ukuta wowote uwe wa kushika lango. Kuna pia miale ya leza inayopinda kwa masanduku ya kioo, na sehemu ya wachezaji wawili yenye malango manne, ambamo urafiki hupimwa vikali.

Mwaka 2012 Valve walitoa zana ya kujengea vyumba vyako mwenyewe, wakaanzisha na mpango wa kuwafikishia walimu ili waitumie darasani. Zana hiyo nawashauri hata wasiofundisha. Jenga pengo, weka ukingo wa kujitupia, kadiria umbali kwa hesabu ya kipeuo cha pili, kisha jaribu. Utajua chumba chako kinavukika au hakivukiki kabla hujaugusa ukuta wa pili.

Asiye na kompyuta anaweza kuanza na Limbo ya kampuni ya Playdead ya Denmark, iliyotoka 2010 na sasa inapatikana kwenye simu. Humo hakuna malango, lakini kuna kamba za kuning'inia, na kanuni ya kimo ni ileile. Kamba ikifika chini kabisa una kasi yote na huelekei juu. Ikifika mwisho wa bembea uko juu na huna kasi. Achia katikati ya hapo, inapopanda.

Mwenye kompyuta aanze na Portal ya kwanza. Ni fupi, inamalizika kwa saa chache, na kwa kuwa ni gemu ya 2007, kompyuta ya kawaida ya leo inaiendesha bila taabu. Kisha aende kwenye ya pili. Na tafadhali, video za majibu zilizojaa YouTube ziache hadi umalize, hata kama chumba kimoja kitakuchukua jioni nzima.