Damu Iendayo Mbio Ikaonekana Yarudi Nyuma

Mwenye kuitazama kwa mara ya kwanza taswira ya mwendo wa damu iliyopigwa kwa mashine ya MRI hufundishwa mambo matatu: penye kijivu pametulia, penye weupe damu yapanda, na penye weusi damu yashuka, kwani aota, ule mshipa mkuu wa mwili, hupanda kutoka moyoni, hupinda, kisha huteremka kando ya uti wa mgongo, na mkato mmoja wa picha huikuta mara mbili. Lakini katika taswira niliyoonyeshwa kwenye hospitali moja ya Nairobi palikuwa na jambo la nne, ambalo tangu siku ile halijanitoka moyoni: katikati ya duara jeupe la aota ipandayo, mahali ambapo damu hutarajiwa kwenda kwa nguvu kuliko pengine pote, palikaa nukta nyeusi tititi.

"Hapana kilichorudi hapo," akasema mtaalamu aliyenionyesha, mtu wa makamo aliyeziandaa picha za namna hii kwa miaka mingi, na aliyeniomba jina lake nisilitie gazetini. "Hiyo, ndugu yangu, ndiyo damu iliyokwenda mbio kuliko yote. Imekwenda mbio hata ikauvuka mpaka niliouweka mimi, na mashine haina namna nyingine ya kuieleza."

Elimu yenyewe ilianzia mbali na hospitali. Mnamo 1960 mwanafizikia wa Marekani, Erwin Hahn, alichapisha makala juu ya kuutambua mwendo wa maji ya bahari kwa njia ya sumaku, na ilipofika miaka ya 1980 wataalamu wa London, miongoni mwao David Firmin na Donald Longmore, walikuwa wakionyesha kwa njia ya namna hiyo damu ya mtu aliye hai ikienda na pigo la moyo wake. Ndani ya sumaku kubwa, viini vya haidrojeni vilivyomo katika damu huzungushwa kwa pamoja. Sumaku nyingine, ambayo nguvu yake huzidi kadiri uendavyo upande mmoja, huwashwa kwa kitambo kidogo mno ikavisogeza katika mzunguko wao, kisha hugeuzwa ikavirudisha kwa kadiri ile ile. Kiini kilichotulia hurejea pale pale kilipokuwa. Kilichohama baina ya matendo hayo mawili hakirejei sawasawa, na ile tafauti ya pembe iliyosalia ndiyo kipimo cha kasi yake.

Basi mtaalamu akanitaka niufikirie mkono wa saa. Mkono uliotoka juu kabisa ukaenda kulia hata ukakaribia chini kabisa, mtu akiukuta hapo atasema umekwenda kulia. Bali ukiipita nukta ya chini, hata kwa kidogo, yule ambaye hakuuona ukienda atadhani umekuja kwa njia fupi ya kushoto. Ikiwa mpaka, yaani kasi ya kuzungusha nusu duara, umewekwa sentimita 150 kwa sekunde, damu iendayo 160 itazungusha pembe ya digrii 192, na mashine, isiyojua pembe iliyozidi 180, itaisoma kuwa 168 za upande wa pili, yaani damu irudiyo nyuma kwa sentimita 140. Ghalati hii si ya sentimita kumi. Ni ya kugeuza mbele kuwa nyuma, na aliyezidi kidogo ndiye anayegeuzwa vibaya zaidi.

Hapa ndipo ninapoiona kazi ya mtu huyu kuwa na uzito ambao watu hawaujui. Ili aipime kasi, sharti kwanza aikisie. Kwa mtu mzima mwenye afya mpaka wa 150 aghalabu hutosha, lakini kwa aliyebanwa sana na vali ya aota damu hupenya kwa kasi ya sentimita 400 au zaidi. Nikamwuliza kwa nini asiweke mpaka wa mbali kwa kila mgonjwa akastarehe. "Nikiuweka mbali bila haja, chenga huzidi katika picha, na damu ya polepole hupotea ndani yake. Na yule mwenye vali inayovuja, damu irudiyo ndani ya aota yake huwa ni ya polepole." Kwa hiyo huisoma kwanza ripoti ya ultrasaundi, hupiga picha fupi ya majaribio, na nukta nyeusi ikitokea, husogeza mpaka akaanza upya.

Wala si kila weusi ni wa uongo. Philip Kilner na wenzake walionyesha mnamo 1993 kwamba hata katika watu wenye afya damu hujipinda ndani ya tao la aota, na mwishoni mwa msukumo wa moyo sehemu yake hurudi nyuma kweli, kwa upande wa ndani wa tao. Mtaalamu wangu huzitenga aina hizi mbili za weusi kwa kutazama kingo: damu irudiyo kweli hupita kwenye kijivu, maadam hapana awezaye kugeuka bila kusimama, bali weusi wa uongo huruka kutoka weupe mtupu hadi weusi mtupu, pasipo kitu baina yao.

Fauka ya hayo kuna ghalati isiyoonekana kwa macho. Sumaku zenyewe hupotoka kidogo, hata nyama iliyotulia ikahesabiwa kuwa yaenda. Katika aota yenye eneo la sentimita za mraba saba, upotofu wa sentimita moja tu kwa sekunde huzidisha au hupunguza mililita saba katika kila pigo la sekunde moja, ilhali moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa takriban 70. Kwa ajili hiyo kuna wanaolaza chupa ya jeli mahali pa mgonjwa aliyekwisha kuondoka, wakaipima kana kwamba ni mtu, ili waijue kasi ya kitu kisichokwenda.

Tena pigo lile linaloonekana likicheza kwenye kioo halikupata kupiga. Limeshonwa kwa vipande vya mapigo mengi, mgonjwa akiwa amezuia pumzi na waya za kifuani zikiashiria mwanzo wa kila pigo, kwa dhana kwamba yote ni sawa. Na mwenye moyo unaopiga bila mpango, hali isiyo ngeni kwa wale ambao vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, mililita zinazoandikwa ni za pigo lipi?

"Huandika namba," akanijibu, "na chini yake huandika kwamba moyo ulikuwa haupigi sawa. Ikiwa daktari wa upasuaji huusoma ule mstari wa chini, hilo silijui. Sijapata kumwuliza."