Punguza Sufuria, Usipunguze Wageni

Kamati nyingi za harusi, kuanzia Lurujo na Koboko hadi katikati ya Jiji la Arua, zikiona ahadi za michango hazitimii hushika orodha ya wageni na kuanza kufuta majina. Hapo ndipo ugomvi wa ukoo unapoanzia, na mara nyingi bila sababu. Ukipiga hesabu ya jikoni vizuri, utaona kwamba fedha huliwa na wingi wa sufuria kuliko wingi wa watu.

Chukua meza ya mtindo wa Kampala: matoke, wali, pilau, posho, viazi, chapati, ng'ombe, kuku, maharagwe. Mgeni hupita na sahani akidokoa kila mahali, na kwa kuwa mpishi hajui atapenda kipi zaidi, hulazimika kupika kila kimoja karibu kwa watu wote. Tumbo la mgeni halikuongezeka. Jioni kila sufuria ina mabaki, na aliyekuja mwisho amekosa nyama. Halafu kuna nauli: matoke hufika Arua kutoka mbali, ng'ambo ya Nile. Mwaka 2024 daraja la Karuma, juu ya mto huo, lilipofungwa kwa matengenezo, malori yalilazimika kuzunguka. Mhogo, ulezi, karanga na simsim viko hapa hapa. Kwa nini wakwe wa Kilugbara walishwe matoke ya bei ghali siku ya harusi ya binti yao, mimi sijaelewa hadi leo.

Sufuria nne zinatosha: enyasa (ugali wetu), wali, nyama, na maharagwe au osubi, yaani majani ya kunde, iliyoungwa kwa simsim. Kwa watu 300, weka gramu 100 za mchele mkavu kwa kila mtu, yaani kilo 30. Mchele ukiiva huongezeka uzito mara mbili na nusu au zaidi, kwa hiyo usiogope udogo wa gunia. Unga wa enyasa, mhogo uliochanganywa na ulezi au mtama, uwe kilo 36. Maharagwe makavu kilo 15. Yaloweke usiku kucha na uyapike yakiwa yamefunikwa, maana kuni nazo ni fedha.

Kwenye nyama ndiko watu wanakopotea. Mbuzi wa kienyeji mwenye kilo 25 akiwa hai hubaki kilo 11 au 12 akishachinjwa na kuchunwa, na humo mna mifupa. Ukitenga gramu 150 mbichi kwa mtu, mbuzi wanne wanatosha watu 300. Fahali wa kilo 250 hutoa nyama ya kilo 125 hivi, na kwa kipimo hicho angelisha zaidi ya watu 800. Kama huna wageni wa kiasi hicho wala jokofu, umenunua sifa. Matumbo, vichwa na miguu visigawiwe kiholela kwa wachinjaji. Hiyo ni supu ya wapishi, wabeba viti na wale waliolala hapo tangu jana. Nyama yenyewe iungwe kwa karanga au simsim iliyosagwa: mchuzi unakuwa mzito, mafuta na protini vinaongezeka, na vipande viwili vinashibisha kama vinne.

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa ni kumwita Mwislamu achinje. Katika familia nyingi za Koboko na Arua, misikiti na makanisa hugawana ndugu. Mnyama akichinjwa kihalali, wote wanakula sufuria moja na hamna haja ya kununua mbuzi wa pili wala kuajiri mpishi wa pili.

Michango nayo iombwe kwa vitu. Shangazi anayeona haya kutaja shilingi kidogo kwenye mkutano ataleta beseni la karanga akitembea kifua mbele, hasa baada ya mavuno ya Julai na Agosti. Harusi ya Desemba itapata simsim mpya, lakini itagombania mbuzi na Krismasi, basi wanunuliwe mapema na wafungwe nyumbani.

Katika unga wa mhogo, msitafute wa bei ya chini kabisa. Mhogo mchungu una sumu ya sayanaidi, ambayo hutoka kwa kuloweka siku kadhaa, kuchachusha na kuanika vizuri. Anayefanya haraka huiacha ndani, na kupika ugali hakuiondoi yote. Septemba 2017, wilayani Kasese, watu waliokula ugali wa mhogo kwenye mazishi waliugua. Kwa jumla wagonjwa 98 waligunduliwa na wawili wakafa. Uchunguzi ulionyesha unga ulikuwa na sayanaidi na ulitoka kwa muuzaji mmoja wa jumla. Nunua kwa mama unayejua anavyoloweka, au mpe kazi hiyo wiki kadhaa mapema.

Adui mwingine ni hotuba zinazochelewesha chakula. Chakula kikiiva saa nne asubuhi na kuliwa saa kumi, wali na nyama vimekaa saa sita vikipoa polepole, na vijidudu vinapenda joto la namna hiyo. Mpishi aulize saa ya kweli ya kula, siyo ile ya kwenye kadi, asonge enyasa mwishoni, na sufuria ya nyama ibaki juu ya makaa ikifukuta. Wakati wa kupakua, nyama igawiwe na mtu mzima asiyeona haya kumkatalia anayeomba kipande cha ziada.

Mwisho, wageni wasioalikwa watakuja, na kwetu hawafukuzwi. Wahesabiwe tangu mwanzo: kwa kila watu kumi, ongeza mmoja. Nyongeza hiyo iwekwe kwenye unga na maharagwe, si kwenye nyama.