Fedha Yako Haimo Ndani ya Simu

Mwaka jana, baada ya kuuza kahawa, mzee mmoja jirani yetu aliibiwa simu mnadani. Alirudi nyumbani ameinama kama mtu aliyefiwa. Shilingi 380,000 alizowekewa katika simu ile zilikuwa za kumpeleka binti yake chuoni. Mkewe akalia, majirani wakaja kumpa pole, na pombe kidogo ikanywewa. Siku ya tatu ndipo kijana mmoja alipomwuliza: "Baba, je, laini umekwisha kuifungisha?" Mzee akamjibu: "Nifungishe nini, nawe wajua fedha imekwenda na simu?"

Usimcheke. Wengi wetu twadhani hivyo hivyo, kwamba fedha imo ndani ya simu kama noti zilivyomo katika kibweta. Haimo! Kampuni ina daftari lake, na humo imeandikwa namba yako pamoja na kiasi chako. Fedha zenyewe zimewekwa benki kwa amana. Simu ni ufunguo tu. Ikitumbukia mtoni au ikiungua jikoni, daftari halilowi wala haliungui. Huduma ya namna hii, yaani M-Pesa, ilianza Kenya mwezi Machi 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Miaka yote hiyo tumefundishwa kutuma na kupokea, lakini ni wachache walioelezwa fedha yao inakaa wapi.

Basi mzee akaazima simu ya kijana yule, akawapigia kampuni, wakaifunga laini papo hapo. Kesho yake akapanda basi mpaka mjini na kitambulisho chake cha Taifa. Dukani kwao akaambiwa aweke kidole juu ya kijichombo, kwa maana tangu Mei 2019 laini za Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole. Kabla hajamaliza kujifuta jasho akapewa laini mpya, namba ile ile ya zamani. Akatazama salio: shilingi 80,000.

Laki tatu zilikuwa zimepelekwa kwa namba nyingine usiku wa siku ya pili, wakati yeye anapewa pole. Mwizi aliijuaje namba ya siri? Mzee mwenyewe aliiandika katika kikaratasi, akakikunja na kukiweka nyuma ya simu, chini ya kifuniko, asije akaisahau.

Sasa, msomaji, wewe yako umeiweka wapi? Labda huna kikaratasi, lakini humpa wakala simu na kumwambia, "Mwanangu, nitolee elfu ishirini, namba yangu ya siri ni hii." Wakala haihitaji kabisa. Ubonyeze wewe mwenyewe, hata ukichelewa na watu wa foleni wakanung'unika. Kama macho hayaoni vizuri, nenda na mtoto wako unayemwamini, wala usiitaje kwa sauti mbele ya duka. Na mtu akikupigia akisema yeye ni wa kampuni, anataka namba ya siri ili akurekebishie akaunti, mkatie simu. Kampuni haiulizi hiyo. Wale wanaokuandikia kwamba ile hela uitume kwenye namba hii, kana kwamba mlikwisha kuagana, nao ni wezi. Katika Tanzania ujumbe wao hupelekwa namba 15040 ili wachunguzwe.

Liko jambo jingine, tena zito, nalo watu hawapendi kulizungumza wakiwa wazima. Baba wa nyumba akifariki, mara nyingi simu yake huchukuliwa na mdogo wake au mwanawe, laini hutolewa ikatupwa. Kumbe katika daftari lile fedha yake bado imeandikwa. Laini ya marehemu itunzwe pamoja na cheti cha kifo, na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama aende kampuni kudai. Msikawie, kwani laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Mama, mwulize mumeo leo ana laini ngapi na za kampuni zipi. Namba ya siri si lazima akuambie.

Yule binti alikwenda chuoni, amechelewa majuma matatu. Mzee aliuza mtamba.