Mtihani wa kidato cha sita na udahili wa sheria

Mtihani wa kidato cha sita ni njia ya kawaida ya kujiunga na shahada ya sheria nchini Tanzania. Baraza la Mitihani la Tanzania huuendesha mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi Mei. Matokeo hutoka Julai, wakati udahili wa vyuo vikuu unapofunguliwa. Kiwango cha chini ni kufaulu masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5 na E ni 1. Chuo kinaweza kutaka zaidi.

Mkazi wa Buswelu, wilayani Ilemela, anayerudia mtihani ili asome sheria katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, hujisajili mapema kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili ukimpita, husubiri Mei ya mwaka unaofuata.